Posa ya Pilipili Mbuzi

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mjukuu wangu Humam anataka kuoa. Si habari mbaya. Kijana ana kazi ya uwanja wa ndege, ana meno yote, na kanzu zake anazipiga pasi mwenyewe. Habari mbaya ni huyo anayemtaka. Hilwa. Mjukuu wa Abdullatif.

Nilipoambiwa nilikuwa natafuna bajia. Bajia ikasimama kooni. Jumana, binti yangu, mama yake Humam, akanipiga mgongoni mpaka ikapita, halafu akanitwisha zigo. Baba yake Humam katangulia mbele ya haki, kwa hiyo mzee wa kwenda kuposa ni mie. Niende kwa Abdullatif, nikae kitako, niseme kwa kinywa changu kwamba tumekuja kuomba.

Kuomba. Mie. Kwa Abdullatif.

Mtu huyu na mimi tumetoka Unguja mwaka mmoja. Yeye alinitangulia kufika Dubai kwa wiki moja. Wiki moja, na tangu hapo ananikaribisha mjini. Tukikutana msikitini, karibu Bwana Wahid. Tukikutana kwa kinyozi, karibu Bwana Wahid. Nimezaa hapa, nimepata wajukuu hapa, nimezika mke hapa, yeye bado ananikaribisha. Nami nikaapa zamani kwamba sitamwomba kitu, hata kibiriti. Na si maneno tu. Siku za sigara niliwahi kutoka Al Twar kwa miguu mpaka Qusais kutafuta moto, na Abdullatif kakaa mbele yangu anachezea kibiriti. Ndiyo sababu nikaacha sigara. Daktari anadhani nilimsikiliza yeye.

Nikamwambia Jumana wasichana wako wengi. Akasema Humam hawataki wengi. Nikasema Hilwa ni mwalimu, na walimu ni watu wakali, mmoja alinitoa skuli darasa la sita. Jumana akasema kilichonitoa skuli ni usingizi.

Kisha akanimalizia. Jumamosi kuna watu wanatoka Maskat kwenda kwa Abdullatif, nao wanafuata hilohilo. Kijana wao ana duka la manukato. Na nyumba ile mwenye neno ni Abdullatif peke yake. Baba yake Hilwa hata kununua viatu humwuliza mzee kwanza. Kama sijasema neno kabla ya Jumamosi, Hilwa kaenda Maskat, khalas.

Humam alikaa pembeni. Bajia zake zote zimo sahanini, hajagusa. Nikamwonea huruma. Nikamsaidia kuzila.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka na hila. Kwa nini niombe mimi? Aombe yeye.

Baada ya sala ya alasiri nikakaa karibu na Abdullatif, nikaanza kumsifu Humam kwa sauti. Kijana mpole. Hakoromi. Anakula kila kitu. Nikasema atakayempata Humam ni mtu mwenye bahati, kisha nikatulia nimpe nafasi ya kunasa.

Abdullatif akasema ni kweli, kijana mzuri. Akauliza kama anaumwa, maana siku hizi anamwona kakonda, shingo inapwaya ndani ya kanzu. Akaniambia nimlishe supu ya kwato. Kisha akanikaribisha tende. Tende zenyewe za msikiti.

Hila ya kwanza imekufa.

Jioni akanipigia Monicah. Huyu ni Mkenya wa Nyeri, ndiye aliyemhudumia marehemu mke wangu mpaka siku ya mwisho, na hajaacha kuniulizia hali. Siku hizi anakaa Discovery Gardens na wenzake, na amepata kazi kwenye mkahawa wa watu wa Karibiani, Bur Dubai, kule ghorofani karibu na khori, ule mkono wa bahari. Nikamuuliza kazi vipi. Akasema kazi ni poa, mzee wangu, shida ni sauti imeenda. Huko ngoma hazinyamazi. Wateja wanaagiza kwa kidole tu, na meneja anamgombeza mtu kwa mikono kama polisi wa barabarani.

Nikakaa wima kitandani.

Ngoma hazinyamazi. Mtu hamsikii mwenziwe. Basi Abdullatif tunamwalika kule kula chakula cha jioni. Ngoma zikipamba moto, namwinamia sikioni, nachezesha midomo. Jumana na Humam, upande wa pili wa meza, wanaona babu anaposa. Abdullatif hasikii kitu. Na mzee hapendi ijulikane kwamba hasikii. Ataitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia hotuba ya Ijumaa. Posa imepita, na mie sijaomba.

Nilijicheka peke yangu mpaka Jumana akaja kuangalia kama nimemeza dawa mbili.

Jumanne, 11 Novemba

Jumana hapendi. Ati posa husemwa nyumbani, juu ya zulia, udi unafuka. Nikamwambia udi unanipa kikohozi. Akasema tangu lini. Nikasema tangu leo. Akataka kujua kwa nini Karibiani, Dubai nzima haina pilau? Nikamwambia nimesikia mchuzi wao wa mbuzi unalainisha moyo wa mtu.

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama mama yake. Lakini Humam akafungua mdomo, mara ya kwanza leo. Akasema popote, babu. Hata kituo cha mafuta. Ila useme.

Maneno yale yaliniingia kidogo. Nikajikaza.

Kualika si kuomba, hilo nimelipima vizuri. Nikamwambia Humam ashike simu, nikarekodi sauti yangu kama naamrisha kikosi: Abdullatif, Alhamisi baada ya magharibi, Bur Dubai, uje na mwanao. Jibu likarudi kabla sijavua miwani. Kwanza aliuliza kama chakula ni halali na kama kuna ulevi. Nikamjibu halali tupu, Monicah kaniapia, kikali kuliko vyote pale ni tangawizi. Akasema basi inshallah, na tusiwe na wasiwasi, yeye atatupokea na kutukirimu.

Atatupokea. Kwenye mwaliko wangu.

Hapo ndipo wazo la pili lilipoingia, na nakiri liliingia kwa hasira. Vipi akisikia? Vipi akasema hapana, au tutafikiria, au karibuni tena? Lazima mdomo wake uwe na shughuli nyingine. Nikampigia Monicah, nikamuuliza kitu gani kikali zaidi jikoni mwao. Akasema wako na pilipili fulani, inafanana na ile yenu ya pwani, pilipili mbuzi, lakini hii ni kama imekasirishwa na mtu. Nikamwambia aijaze kwenye samaki wa Abdullatif.

Akakataa. Mzee wangu, akasema, mimi niko hapa na visa ya kazi, si ya jela.

Nikamwambia hajanielewa. Abdullatif anaipenda pilipili kupita kiasi, ila anaona haya kuagiza mbele za watu, ni mtu wa ibada. Monicah akasema woi, maskini, wazee nyinyi mko na siri. Atamfanyia. Nimwambie tu ni yupi. Nikasema mwenye kilemba na sura ya mwenye nyumba.

Ijumaa, 14 Novemba

Ulimi umerudi asubuhi hii. Nusu yake. Naandika kwa sababu kusema bado.

Jana tulitoka na gari la Humam. Jumana alijifukiza udi mpaka vioo vikaingia ukungu. Kama posa haiendi kwenye udi, akasema, udi utakwenda kwenye posa. Humam alishika usukani kama mtu anayepeleka maiti ya kwake mwenyewe.

Mahali penyewe pazuri, sitaki uongo. Kuta za njano na kijani, taa za rangi darini, kila meza inacheka. Bwana mmoja anapiga mapipa ya chuma yaliyokatwa, anayagonga kwa vijiti na yanalia kama kengele. Wafanyakazi wawili wameshika fimbo baina yao, na wateja wanapita chini yake kinyumenyume, kifua juu, kama wanaokwepa kofi. Mfilipino mwenye tai ya benki alipita nusu, akalala chali, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Nikafurahi mno. Kelele zilikuwa kamili.

Abdullatif alikuwa keshafika. Kakaa kichwani mwa meza, uso mlangoni, kama aliyeachiwa mkahawa na babake. Baba yake Hilwa ubavuni. Karibuni, akatwambia, karibuni, jisikieni nyumbani. Akatuonyesha viti. Akamwambia Monicah atuletee maji. Jumana akanibana mkono nisiseme kitu.

Chakula kikaja. Wali wa nazi na maharage, kuku mweusi kwa moshi, mchuzi wa mbuzi, ndizi za kukaanga. Abdullatif akaonja wali, akauliza nani kawafundisha watu hawa kupika chakula chetu. Monicah akampelekea salamu mpishi, mtu wa kisiwani hasa, mrefu kama mlango. Mpishi akarudisha salamu kwamba yeye naye alitaka kuuliza nani katufundisha sisi chake. Abdullatif akacheka mpaka kilemba kikateleza. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo.

Halafu samaki wawili wazima, na vitunguu vya siki juu. Monicah akamweka mmoja mbele ya Abdullatif, akanipigia jicho. Mwingine akamweka katikati.

Mapipa yakapamba moto. Wakati wangu. Nikamwinamia Abdullatif sikioni, nikaanza kuchezesha midomo. Maneno sikuwa nayo, kwa hiyo nikataja miezi ya Kiislamu kwa mpango. Muharram, Safar. Nikakunja uso kidogo, nikaweka mkono kifuani, kama mposaji. Kwa pembe ya jicho nikamwona Humam kavuta pumzi, na Jumana midomo inamtetemeka. Abdullatif anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mambo yakawa matamu hata nikajisahau nikatia sauti.

Mwenye mapipa akasimama kunywa maji.

Rabiulawwal, nikasema, katikati ya ukimya wa ukumbi mzima.

Abdullatif akauliza Rabiulawwal imefanya nini. Nikasema imepita. Akafikiri. Akasema ndiyo, imepita.

Jumana akanipiga teke chini ya meza. Teke la mama yake.

Haikuwa neno. Nilibakiwa na samaki. Abdullatif akakunja mkono wa kanzu, akasema bismillahi, vidole vikaenda tumboni kwa samaki, penye mnofu wa mafuta. Nami namtazama kama paka. Akaupasua ule mnofu, akautoa miiba mmoja mmoja, akaupakia vitunguu na rojo lake.

Akauweka kwenye sahani yangu.

Hili nilitakiwa kulijua. Hata mtoto wa Kiunguja anayelala analijua. Mwenye meza hali kipande kizuri mbele ya mgeni, humpa mgeni. Na mie nilimwacha akae kichwani mwa meza.

Nikasema nimeshiba. Akasema hujala. Nikasema meno yangu. Akasema ndiyo maana nimekutolea miiba. Nikamtafuta Monicah. Monicah alikuwa kajifunika uso kwa sinia. Nikamtazama Humam, naye ananitazama mimi na tonge lile. Tonge la mwenyeji halirudishwi, siku ya posa ndiyo kabisa. Ukilirudisha umesema nyumba yako siitaki. Ningelirudisha, basi Maskat wangeshinda.

Nikala.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Nikatabasamu hata. Nikawaza Mkenya kanihurumia.

Kisha ikafika. Pilipili ile haiwashi, inavunja. Ilivunja ulimi, ikapanda puani, ikatoka masikioni na filimbi. Machozi yakaanza kumwagika ndevuni. Nikawa siwezi kusema jina langu, na hapohapo, mapipa kimya, Abdullatif akajipangusa vidole, akanigeukia. Haya Bwana Wahid, akasema, nimesikia una neno. Watu wa Maskat nao wanakuja keshokutwa. Nimesema nitamsikiliza kila mtu, ila kila mtu aje na neno lake. Sema.

Nikafungua mdomo. Pakatoka mvuke. Nikafunga.

Humam akaweka mikono juu ya meza, viganja juu, kama mtu anayengoja mvua. Hajawahi kuniomba kitu mtoto yule, ila hili. Na kwa mara ya kwanza nilitaka kusema, wallahi. Ningeomba kwa magoti. Ningeomba na kibiriti juu yake. Sauti haipo.

Monicah akaja mbio na kikombe kidogo. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakifikisha puani. Tangawizi yao. Harufu peke yake ilinipiga kofi. Moto juu ya moto. Nikakirudisha mezani bila kuonja, nikakisukuma mbali kidogo, kikaenda kukaa mbele ya Abdullatif. Nikainamisha kichwa, maana na pua nayo ilikuwa imeshaanza.

Wote wakaacha kula. Nikadhani wananingojea nife.

Waarabu wa huku wana mila yao. Mgeni mwenye haja nzito, inayomshinda kuitamka, hupewa finjani ya kahawa naye haonji. Huiweka chini mbele ya mwenyeji. Mwenyeji akiona kahawa imekaa anajua, na akiwa mtu mwenye muruwa humwambia kunywa, haja yako imepita. Tumekaa na watu hawa mpaka mambo yao yametuingia kama vumbi la upepo wa shamali, kila mahali. Mie wakati ule sikukumbuka mila yoyote, nilikuwa nakumbuka barafu. Abdullatif alikumbuka.

Alitazama kikombe. Akanitazama mimi, machozi yanadondoka sahanini. Akavua miwani. Akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, kwamba amewaona wanaume wakiweka finjani chini, Dubai na Al Ain, lakini hajamwona anayeiweka huku analia. Akasema miaka yote alidhani Wahid anaidharau nyumba yake. Wahid ambaye hajamwomba hata kibiriti.

Kumbe alijua.

Kunywa, ndugu yangu, akasema. Hilwa ni wa Humam. Watu wa Maskat nitawapigia simu mwenyewe.

Ukishakubaliwa lazima unywe. Chote, palepale, ndiyo sheria. Nikanywa. Hapo sitaandika.

Nilipopata macho tena, Jumana anapiga vigelegele, wahudumu wa Kikenya wamemdaka na vya kwao, mapipa yanalia, na baba yake Hilwa, mtu wa kuuliza ruhusa ya viatu, anapita chini ya fimbo bila kumwuliza mtu. Humam kanishika kichwa ananibusu juu ya kofia. Alikuwa anatetemeka kama friji kuukuu. Mpishi akatoka mwenyewe na bakuli la malai ya nazi yaliyoganda, akaniwekea, nikatia ulimi wote ndani.

Nikashusha pumzi. Ilitoka ndefu, sijui nilikuwa nimeiweka wapi tangu Jumapili. Humam anaoa. Maskat hawamchukui mtu. Abdullatif hajui habari ya samaki. Na kiapo changu hakijapata hata mkwaruzo, maana sikuomba. Niliweka kikombe tu.

Jumapili, 16 Novemba

Abdullatif anahadithia.

Leo barazani, wazee wote wamekaa kucheza dhumna, yeye anapanga vipande na kuwaeleza Wahid alivyolia. Kila duru machozi yanaongezeka. Duru ya kwanza nililowesha ndevu. Duru ya tatu nililowesha kitambaa cha meza. Mzee mmoja kutoka Lamu akanipa anjifu, akasema akhui, ndugu yangu, mjukuu ni mjukuu, hakuna aibu.

Nilifungua mdomo nieleze ukweli. Nikaupima kwanza. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumtilia mwenyeji wangu pilipili. Kwa hiyo ama mimi ni mliaji, ama ni mtu wa kutilia watu vitu kwenye samaki. Nikaifuta pua kwa ile anjifu.

Monicah kapiga simu, kakasirika, lakini si sana. Ati nilimwongopea. Ati alikuwa anasali nyuma ya jokofu. Ati mpishi anataka kujua ni mzee gani aliyekula samaki ile na kunywa tangawizi juu yake, kwa sababu kwao kisiwani mtu kama huyo anasalimiwa na kijiji kizima. Nikamwambia ni mimi. Akasema najua ni wewe, mzee wangu, nani mwingine. Anataka kiti cha mbele harusini. Nimempa. Kiti si cha kwangu lakini nimempa.

Nyumbani Humam anakula. Leo alimaliza bajia zake akaingia kwenye zangu. Nilimtazama tu shingo inavyorudi.

Jumatano, 19 Novemba

Abdullatif kaja nyumbani. Hakutoa taarifa. Bahati nzuri nilimwona dirishani akiegesha bakora, nikawahi kukaa kichwani mwa sebule, uso mlangoni. Alipoingia nikamwambia karibu. Akavua viatu, nikamwambia karibu. Akakaa, nikamwambia karibu Abdullatif, jisikie nyumbani. Sijui kwa nini sikuanza zamani, ni raha tupu.

Jumana akaleta kahawa akatuacha. Abdullatif akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaitazama.

Akaiweka chini.

Bwana we. Nililiacha lile jambo likae. Abdullatif, mwenyeji wa Dubai, kaweka finjani mbele yangu mie. Nikanyoosha mgongo, nikapapasa ndevu, na kwa sauti ya kutosha kufika jikoni nikasema: kunywa, Abdullatif, haja yako imepita.

Akanywa yote. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijauliza haja yenyewe ni nini.

Huenda anataka maharusi wakakae kwake. Huenda anataka mtoto wa kwanza aitwe Abdullatif, niwe nabembeleza Abdullatif mpaka nife. Jumana kachungulia mlangoni, naye kaliona hilohilo, kashika kichwa.

Abdullatif akasema ni jicho. La kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia nalo limeanza. Wiki ijayo wanampasua la kushoto. Watoto wake wanadhani haogopi, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia haogopi. Lakini hajalala siku nyingi sasa. Anataka mtu wa kukaa nje ya mlango wa chumba cha kupasuliwa. Si wa kumpenda, wa kumpenda anao. Anataka mtu ambaye kukimbia mbele yake ataona aibu maisha yote. Kafikiri sana, na Dubai nzima hakumpata mwingine ila mimi.

Nikamwambia haja imekwisha pita, kwani hukusikia? Akasema kasikia. Nikammiminia finjani nyingine ili nipate pa kutazama.

Alipoondoka Jumana akaniuliza alitaka nini. Nikasema alitaka kahawa.

Alhamisi, 27 Novemba

Imekwisha, alhamdulillahi.

Abdullatif alikwenda kwenye mlango ule kwa miguu yake, mgongo umenyooka. Alipofika kizingitini akageuka kunitazama, na miguu nikaiona inawaza. Nikamwambia karibu, Abdullatif, jisikie nyumbani. Akanitukana tusi la Kiunguja ambalo nilidhani limekufa na bibi yangu, akaingia.

Nilikaa pale na tasbihi ya Jumana. Muuguzi aliniuliza kama mimi ni ndugu yake. Nikasema mimi ndiye mwenyeji wake. Walipomtoa, jicho limefungwa, daktari kasema kila kitu salama, nilikwenda msalani nikanawa uso, maana hospitali ile ina vumbi.

Njiani Humam akiendesha, Abdullatif alinishika mkono. Jumana alipokuja kumpokea mlangoni kwa Abdullatif aliniambia pembeni kwamba nimebadilika, kwamba pilipili ile imenitia utu. Sikubishana naye.

Daktari katoa masharti. Asiiname, asibebe kitu, asikasirishwe. Jicho la kushoto likae limefungwa mpaka aseme yeye, na kwa la kulia, Abdullatif mwenyewe kakiri, anaona vitu kama vimo ndani ya maziwa. Atakaa nyumbani tu, na kukaa kutamchosha. Kaniuliza kama nitakuja kesho tucheze dhumna.

Nikasema nitakuja, inshallah, kesho na kila siku mpaka apone. Ila dhumna zina vitobo, mtu anaweza kuzipapasa. Nimepitia dukani nimenunua karata.